Ngiri ya Mkulima wa Mwani

Ua wa jirani yangu umenyamaza tangu Jumatatu. Hakuna anayecheka huko. Mkulima huyu wa mwani alikuwa na kicheko cha kuvuka ukuta, na kila alipocheka kiganja kilikwenda kitovuni kukandamiza uvimbe, polepole, kama mtu anayerudisha kuku bandani. Alikuwa ametolewa kifuko cha nyongo kupitia vitundu vinne vidogo. Wakulima wenzake wa kijijini Kibuyuni, mabingwa wa upasuaji wote, walivikagua wakaamua kuwa ile si operesheni bali ni chanjo. "Aliyepasuliwa huonyesha mshono, shoga," alisema mmoja wao, Bimkubwa. "Wewe umeumwa na mbu." Akajibu, "Basi mbu huyo alivaa glavu," akajitwika gunia la mwani mbichi kabla vidonda havijakauka. Uvimbe ulipochomoza kwenye tundu la kitovuni, muuguzi alimwambia ni ngiri, arudi kwa daktari. Lakini kijiji kizima kinajua kuwa ngiri ni ya wanaume. Afadhali kufa kuliko kupanga foleni na akina baba, kwa hiyo alikaza leso akaendelea kubeba.

Jumatatu, ufuoni, uvimbe ulikataa kurudi. Alikandamiza tena, jasho likimtiririka, akatapika. "Bimkubwa," alisema kwa adabu, "hebu nishikie gunia, lisiingie mchanga." Mabingwa walimkimbiza hospitali. Utumbo ulikuwa umenaswa katika tundu la mbu, akapasuliwa upya usiku uleule. Sasa yuko Msambweni, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, na haruhusiwi kunyanyua hata jagi la maji.