Sakafu Yangu na Gauni la Restituta

Karibu, mwenzangu, kaa popote, na wala usiogope sakafu, siku hizi haimdhuru mtu. Nakuambia mapema kwa sababu ukipita hapa Lizaboni ukamwuliza mtu mzima yeyote habari za Mwalimu Agatha, hatakuambia kwamba nimefundisha sayansi kimu kwa miaka mingi, wala kwamba nusu ya mapazia ya mtaa huu niliyapima mimi kwa futi yangu mwenyewe. Atakuuliza tu, "Yule wa sakafu?" Ndiyo, ni mimi, na aibu yake nimeshaizoea, kwa hiyo sikiliza taratibu nikueleze tangu mwanzo, maana jambo lenyewe lilianza dogo.

Nilikuwa na daftari la nyumba. Kila chumba kilikuwa na kurasa mbili, kushoto kilivyo, kulia kitakavyokuwa, na kwa miaka mingi upande wa kulia ulibaki kwenye daftari tu, kwa sababu mwenye duka alikuwa na rangi ya aina moja na mara nyingi ilikuwa imekwisha. Halafu biashara ya bidhaa za nje ikafunguliwa. Malori yakaanza kushusha vitu kwenye maduka ya Majengo, na siku moja nikaingia dukani nikaulizwa nataka kijani kipi, nikashindwa kujibu, kwani maisha yangu yote kijani kilikuwa kimoja. Nikarudi nyumbani kufikiria.

Wakati huohuo nikanunua vikombe sokoni, na muuzaji akavifunga kwa karatasi ya gazeti la kigeni, la picha za rangi. (Vikombe vilivunjika ndani ya mwaka, karatasi ninayo mpaka leo.) Ilikuwa picha ya sebule yenye sakafu nyekundu inayong'aa mpaka miguu ya viti inaonekana mara mbili, pazia jeupe la lesi, chombo kimoja cha maua, basi. Hapakuwa na mtu ndani yake. Hilo la kutokuwa na mtu nilikuja kuligundua baadaye sana.

Nikaanza na pazia. Nilipata lesi nyeupe yenye tausi wawili wakubwa wanaotazamana, nikaitundika wakati wa Pasaka, na kwa wiki nzima mlango wangu ulikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuwaona. Na wasiotaka niliwaita. Nilisimama kando ya dirisha nikiwaeleza jinsi ya kupima pazia, kwamba upana wa kitambaa uwe mara mbili ya upana wa dirisha ili mikunjo ipatikane, na watu walisikiliza vizuri sana. Kumbuka hilo la watu kulifahamu pazia, utalihitaji mbele.

Mwezi wa sita ikaja harusi ya Restituta, mdogo wangu wa mwisho. Wazazi wetu wako kijijini, huko milimani Mbinga, na Baba aliamua bibi harusi atokee kwangu kwa kuwa kanisa liko karibu. Kwa hiyo wageni wote, wetu na wa upande wa bwana harusi, wangeingia sebuleni kwangu. Nilifurahi kuliko bibi harusi.

Gauni lilikuwa la ukoo wa bwana harusi. Shangazi yao, Shangazi Filomena, mama mrefu asiyepoteza maneno, alilileta siku ya Alhamisi kwenye sanduku, akalifungua kitandani kwangu, akakunjua tabaka za karatasi moja baada ya nyingine.

"Gauni hili limeshatoa mabinti wawili," akasema, "na wa tatu anafunga ndoa mwezi wa nane. Nimelileta jeupe, Mwalimu."

"Litarudi jeupe, Shangazi."

Nilisema hivyo kwa kinywa changu.

Ijumaa nikaishughulikia sakafu. Ni ya saruji yenye rangi nyekundu, inapakwa nta ya kopo, inasuguliwa kwa brashi, halafu kwa kitambaa. Kopo likaisha kabla ya sakafu. Pakabaki eneo kama la kitanda kimoja, na halikubaki uvunguni mwa kabati, lilibaki katikati, mbele ya kochi kubwa. Majengo wakaniambia nta imekwisha, nisubiri lori. Mimi ni mwalimu wa sayansi kimu, nisubiri lori la nini? Nta naijua kuitengeneza. Unayeyusha vipande vya mishumaa, unaondoa sufuria motoni kabisa, unatia rangi nyekundu ya unga na mafuta ya taa kidogo. Unapaka, unaacha siku nzima, unasugua, na mwisho unafanya kipimo cha kitambaa cheupe, yaani unapitisha kitambaa safi juu ya sakafu uone kama kinarudi na rangi. Nimefundisha kipimo hicho kwa wasichana wengi sana. Mishumaa yangu ilikuwa michache, nikaongeza mafuta ya taa ili ienee, na tena baridi ya Songea ya mwezi wa sita unaijua. Asubuhi yake pale mahali paling'aa kuliko sebule yote. Niliridhika, hata kitambaa cheupe sikupitisha. Sikujiuliza kwa nini panang'aa hivyo. Palikuwa hapajakauka.

Mume wangu, Baba Festo, alipita pale na ndala zake akasimama.

"Mama Festo, mbona hapa pananata?"

"Hapanati, panang'aa."

Akatazama chini, akanitazama mimi, akaenda zake kuoga. Ameishi nami miaka mingi.

Bado tungepona, maana kulikuwa na mkeka. Kwetu binti anayeondoka hupiga magoti mbele ya wazazi aagwe na kubarikiwa, na hupigia magoti juu ya mkeka. Mama alikuwa ameusuka mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo, akasafiri nao kutoka kijijini ameulaza mapajani. Mkeka mzuri. Lakini ulikuwa mpana, na ukiutandika mbele ya kochi unafunika palepale nilipopahangaikia. Nikauweka chumbani nyuma ya mlango. Huo ndio uamuzi wenyewe, mwenzangu, mengine yote yalijiendesha.

Jumamosi saa tatu asubuhi sebule ilijaa. Shikamoo zikapokewa, Baba na Mama wakakaa kwenye kochi, Restituta akatoka chumbani na gauni na shela, na kwa kweli alipendeza mpaka Shangazi Filomena akatabasamu. Misa ilikuwa saa nne, ndoa tatu kwa pamoja, na padri alikuwa ametangaza Jumapili mbili mfululizo kwamba atakayechelewa atafunga ndoa mwezi ujao.

"Agatha," Mama akasema, "mkeka wangu uko wapi?"

"Upo, Mama. Nimeuhifadhi."

"Umeuhifadhi? Kwani kesho kuna harusi nyingine?"

Wanawake wakacheka. Nikaeleza kwa upole, kama ninavyoeleza darasani, kwamba sakafu ile ni safi kuliko mkeka wowote, na kwamba mtu anaweza kula ugali juu yake.

"Hatukuja kula sakafu," Mama akasema. Hakunitazama tena.

"Jamani, muda," Baba akasema. "Piga magoti, mwanangu."

Restituta akapiga magoti. Baba yangu hajawahi kuomba kwa kifupi. Alimwombea binti, akamwombea bwana harusi, wazazi wa pande zote mbili, mvua, kahawa, na wale wanunuzi wapya wa kahawa wanaokuja mpaka shambani, Mungu awape mizani ya kweli. Magoti yalikuwa yamekaa pale wakati wote huo, yakipasha moto nta. Tukasema amina, vigelegele vikaanza, Restituta akainuka, na mimi niliyekuwa karibu nikasikia sauti ndogo, kama ya bahasha inayofunguliwa.

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

"Yesu na Maria," Shangazi Filomena akasema.

Yalikuwa madoa mawili mekundu, ya mviringo, usawa wa magoti, yamelingana vizuri kabisa. Asiyejua angedhani ni mtindo.

"Dada," Restituta akaniuliza polepole, "ni nini hicho?"

"Kidogo tu, simama hivyohivyo." Nikachukua kitambaa na mafuta ya taa. Nta huyeyushwa na mafuta ya taa, hiyo ni kweli na naifundisha, ila sikuwahi kujiuliza nta ikishayeyuka rangi inakwenda wapi. Inakwenda pembeni. Madoa yaliyokuwa kama visosi yakawa kama sinia, ya waridi, na bibi harusi akaanza kunuka kibatari. Nikawa naeleza kwamba hatua inayofuata ni sabuni na maji ya uvuguvugu.

"Mwalimu," Shangazi Filomena akasema, "acha kufundisha."

Nikaacha. Alikuwa ameketi juu ya sanduku lake tupu, amelishika pande mbili. "Yule wa mwezi wa nane nitamwambia nini? Na huyu anaingia kanisani na nini?"

Gauni jingine halikuwepo. Restituta hakulia. Alianza kuvua shela, pini baada ya pini, akinikabidhi mimi, na alipofika ya mwisho akasema, "Dada, nitafunga ndoa na kitenge. Lakini ni leo." Mtu akininunia naweza kuvumilia, lakini zile pini mkononi sitazisahau.

Jirani yetu Mama Zuhura, mtu wa Tunduru, fundi cherehani anayeshonea barazani kwake, alikuwa amekuja kupiga vigelegele. Akasogea, akalishika gauni, akapima madoa kwa kiganja. Halafu akainua macho akatazama dirisha. Akalitazama kwa muda mrefu. Shangazi Filomena naye akatazama dirisha, na Mama, na Baba Festo.

Nikapanda kiti mwenyewe nikalishusha pazia.

"Tausi watatokea mbele," Mama Zuhura akanionya, mkasi mkononi. "Nikikata kwenye mabawa, lesi itafumuka yote."

"Kata unavyoona."

"Bismillahi," akasema, akakata.

Mama akaenda chumbani bila kuuliza mtu, akarudi na mkeka wake, akautandika palepale katikati, na Restituta akaketi juu yake amejifunga kanga akisubiri gauni. Nusu saa nzima tulisikiliza cherehani barazani kwa jirani. Mwanga uliingia sebuleni bila kuzuiwa na chochote, na watu wa njiani walituona sote vizuri.

Tuliwahi. Tukaingia kanisani kengele ya mwisho ikilia, bibi harusi akiwa na lesi kutoka kiunoni mpaka chini, tausi mmoja juu ya kila goti, wanatazamana. Ilipendeza kweli. Ila nilikuambia ukumbuke kwamba mtaa mzima ulikuwa umeliona lile pazia, tena kwa maelezo. Tulipopita viti vya nyuma nikasikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, mnong'ono wa kusikika mpaka altareni:

"Si wale tausi wa Mwalimu Agatha?"

"Ndiyo wenyewe. Na dirishani kumebaki nini?"

"Labda gauni."

Benchi zima likainama kama linasali.

Ndoa ikafungwa. Restituta akasema "nakubali" kwa sauti kubwa kuliko maharusi wengine wote, nami nikapumua. Ndipo padri, aliposhuka kutoa matangazo, akatazama sakafu ya kanisa, ambayo ni ya saruji ya kijivu iliyopauka. Kutoka mlangoni mpaka viti vya upande wa bibi harusi kulikuwa na nyayo nyekundu. Za viatu vya Baba, za Mama, za shangazi na wajomba, zangu nyingi kuliko zote. Upande wa bwana harusi walikuwa wamekaa karibu na mlango wa sebule yangu, hawakufika katikati, na sehemu yao ya kanisa ilikuwa safi. Alikuwemo mmoja tu wa upande wao mwenye nyayo, Shangazi Filomena.

"Ndugu wa bibi harusi," padri akasema kwa upole, "wabaki kidogo baada ya misa. Brashi ziko sakristia."

Tukabaki. Maharusi wengine walitoka kwa ngoma na nderemo, na sisi tulikuwa tumepiga magoti na vitenge vya sare tukisugua kutoka kitini kuelekea mlangoni. Baba alisugua nyayo zake mwenyewe. Shangazi Filomena alisugua karibu nami, na baada ya muda akauliza bila kuinua kichwa, "Mwalimu, hii inatoka kwa nini?"

"Sabuni na maji ya uvuguvugu, Shangazi."

"Sasa unaweza kufundisha," akasema.

Gauni nililirudisha Jumatatu, likiwa na madoa chini na tausi juu, na hotuba ya kuomba radhi nimeiandika kwenye daftari. Sikuisoma. Yule binti wa mwezi wa nane alikuwa amekwishaliona siku ya harusi, na sharti lake lilikuwa moja, tausi wasiguswe. Mpaka sasa wameshatoa mabinti watano, na mimi hualikwa kila mara, huketi mbele, nikiliangalia pazia langu likiolewa.

Dirishani nilining'iniza kanga mpaka Krismasi. Daftari bado ninalo, ila ukurasa wa sebule, upande wa kulia, nilichora watu ndani yake. Na mkeka wa Mama ndio huo ulioukanyaga.

Basi ukipata mgeni, na najua unapenda nyumba yako ipendeze, ni jambo jema, usikate tamaa, fanya hivi. Chukua kitambaa cheupe, kikavu, piga goti pale ulipopaka mwisho, sugua mara tatu, kigeuze, kitazame. Kikiwa cheupe, fungua mlango. Kikiwa chekundu, tandika mkeka.