Minyoo ya Makaburini Ambanoro

Saa moja asubuhi, jua la Boanamary, karibu na Mahajanga, Madagaska, limeshapamba moto. Boinali Hassane amepiga magoti, anachimba udongo na kuujaza katika kopo la maziwa. Anatia funza wanne walio hai, anafunika.

"Kesho kutwa watakutwa wamekufa, wekundu," anamwambia mwandishi kwa Kingazija, akijifuta jasho. "Ikiwa minyoo imo."

Mnyoo wenyewe ni mdogo hata jicho haliuoni. Humwingia mdudu na kumtemea bakteria waliomo tumboni mwake. Hao ndio wauaji. Mzoga huwa chakula chao wote. Kila aina ya mnyoo ina bakteria wake, wamezoeana tangu enzi na enzi, na wa Boanamary si wa kisiwa cha Nosy Be. Kituo cha utafiti cha Mahajanga kinaitafuta minyoo hiyo iwaue funza wanaotafuna mizizi ya miwa.

Jambo jema. Lakini Boinali, baba wa watoto wanne, ana donge rohoni.

Mwaka jana alichimba kwao Ambanoro, Nosy Be. Mashamba ya miwa ya huko yalimwagiwa dawa ya wadudu tangu ukoloni mpaka udongo ukafa. Kila kopo lililofunguliwa, funza wazima, wanatambaa. Mkuu wa kituo akaona ardhi moja tu isiyoguswa na dawa wala jembe la mkulima: makaburi ya Waislamu.

"Akaniambia, 'Chimba hapo katikati.' Hapo katikati amelala mama yangu!" Sauti inampanda. "Wameua udongo wa mashamba yao, sasa wanakuja kwa wafu wetu. Uhuru gani huu?"

Alitupa jembe. Kesho yake akahamishiwa Mahajanga, mbali na mkewe Charifa na wanawe. Uhuru una miaka sita, na mtu bado anaadhibiwa kwa kumstahi mama yake!

Juzi Charifa alimletea salamu kwa abiria mmoja: wamepatikana wachimbaji wengine, wanaanza makaburini Jumatatu. Boinali ameshafunga kifurushi chake. Atakwenda hadi bandari ya Ankify, avuke kwenda Nosy Be. Ruhusa hakuomba.

"Niliwaambia waache ukanda mmoja wa miwa ubavuni mwa makaburi bila dawa, minyoo itatoka makaburini yenyewe na kuingia humo. Hawataki kusubiri. Basi nitakaa juu ya kaburi, wanichimbe mimi kwanza."

Na kazi je?

"Kazi nitapata nyingine," anasema, akikaza kifuniko cha kopo. "Mama nilikuwa naye mmoja."