Programu Iliyowaacha Watoto

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipomfukuza ofisini mtu aliyekuja na ukweli.

Ofisi yetu ya kufuatilia usalama wa dawa ilikuwa mtaa wa Rohero. Wauguzi walituletea karatasi kila dawa ilipomdhuru mgonjwa. Mimi niliziingiza kwenye kompyuta na kutoa jedwali la ripoti. Kwa kuchoka kuandika programu upya kila mara, nikaunda moja ya kudumu: ukibadilisha jina la dawa tu, jedwali linatoka. Nilijivuna nayo kama baba wa mapacha.

Ikaja dawa ya maji ya watoto. Nikabadilisha jina. Jedwali likatoka safi: hakuna aliyedhurika. Nikatia sahihi.

Mama Zawadi, muuguzi wa zahanati ya mtaa wa Jabe, aliisoma ripoti ile akaja mbio.

“Papa, mi nilikuletea karatasi sita. Watoto sita walivimba uso. Ziko wapi?”

“Mama, kompyuta haina chuki na Jabe. Imehesabu.”

“Apana! Basi iambie ije kule iwahesabu kwa macho.”

Wenzangu wakacheka. Nikamwonyesha mlango.

Wiki nzima dawa ikaendelea kugawiwa. Mama Zawadi aliporudi hakuwa na mzaha. “Kuna wa saba. Amelazwa, anapumua kwa shida.”

Ndipo nikaifungua programu. Niliiunda kwa vidonge vya watu wazima, na ndani yake niliandika kwa mkono wangu: acha kila aliye chini ya miaka kumi na mitano. Ilikuwa imewaacha watoto wote, kimya kimya.

Shefu, mkuu wa ofisi yetu, akasema, “Utarekebisha katika ripoti ijayo. Unataka tuchekwe?”

“Tuchekwe, shefu.”

Nikaandika barua ya kuifuta ripoti, nikaweka jina langu, nikaipeleka mwenyewe kwa miguu hadi Wizara ya Afya. Dawa ikasimamishwa. Mtoto akapona. Cheo sikukiona tena, na sikijutii hata kidogo. Naijutia wiki ile.

Mwanangu, usiogope kutumia tena kazi uliyokwisha kuifanya, ni akili. Lakini andika juu yake ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Ilazimishe ikuambie karatasi ngapi zimeingia, ngapi imeziacha, na kwa nini. Muuguzi akibisha, mpe kiti. Wakikuambia nyamaza, kataa. Wakirudia, kataa tena, hata ukibaki peke yako.

Mungu akuonyeshe kosa lako kabla halijamfikia mgonjwa, na akupe shingo ngumu siku utakapoambiwa ulifiche.