Maharage Yetu ya Mlimani

Juzi, rafiki yangu, kikundi chetu cha akina mama wa kanisani hapa Njiro kilikwenda Nduruma kuona shamba darasa, lile linalofundisha watu kulima wasilale njaa na bila kuichosha ardhi. Nilivaa viatu vyeupe, ujue kabisa nimeshakuwa mtu wa mjini. Mwalimu wa kilimo, binti mchangamfu wa rika la mwanangu, alitupigia shikamoo, akatuonyesha matandazo, mboji na mahindi yaliyochanganywa na mbaazi. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilisimama karibu na pipa la mkojo wa ng'ombe, harufu ikanipanda puani, na mara nikajikuta kwa bibi, huko mlimani Meru, mtoto tena.

Shamba la bibi halikuwa na kibao. Migomba ilikaa juu, kahawa chini yake, magimbi kando ya mfereji, na maharage popote palipobaki upenyo. Asubuhi tuliamshwa na ng'ombe zizini na sauti ya bibi akigombana na kuku. Kazi yetu watoto, mimi, kaka na mdogo wetu wa kike, ilikuwa kubeba samadi kwa karai na kutandaza majani makavu ya migomba. "Udongo hauachwi uchi," alisema bibi, "mbona ninyi nawavisha?" Mchana tulikula loshoro, mahindi na maziwa mgando, tukilamba vidole. Jioni ilikuwa makande ya maharage yale. Hayakuwa na jina, tuliyaita "yetu" basi. Mchuzi wake ulikuwa mzito, mtamu hata bila nyanya, na mpaka leo nikiukumbuka mate yananijaa.

Mbegu yake ilikaa kwenye kibuyu, imechanganywa na majivu, kikaning'inizwa juu ya mafiga ili moshi ufukuze wadudu. Mwaka mmoja mvua zilikata kabisa. Tulikula ndizi za kuchemsha asubuhi na jioni, kwa chumvi tu, huku macho yetu yakiwa kibuyuni. Tulilia. Bibi naye alilia, nilimwona, lakini hakukigusa. "Anayekula mbegu amekula mwaka ujao," alituambia. Mvua iliporudi, majirani waliokuwa wamepika mbegu zao walikuja mmoja mmoja na vibakuli. Bibi aliwagawia wao kwanza, kisha akapanda zilizobaki. Wakati wa mavuno kila jiko la kitongoji lilinukia maharage yetu. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia bibi msimu ule.

Alipofariki tulikuwa watu wazima, kila mtu na mji wake. Msiba ulijaa watu hadi barabarani. Wapishi, ambao hawakulijua jiko lile, walikiona kibuyu, wakapukuta majivu, wakayatia maharage yote kwenye sufuria la makande ya waombolezaji. Hakuna wa kumlaumu. Msibani watu lazima wale. Tena walikisifu sana chakula. Sisi tulipokumbuka kuuliza habari za mbegu, masufuria yalikuwa yanaoshwa. Majirani nao walikuwa wamehamia zamani kwenye mbegu za dukani zinazokomaa upesi. Shamba lenyewe likagawanywa viwanja, na leo pana nyumba za kupangisha.

Basi kule Nduruma, mwishoni, mwalimu alituingiza kwenye chumba cha mbegu za asili, chupa za kioo zimejaa rafu nzima. Nikasogea karibu na rafu. Nikamsimulia habari za bibi, naye macho yakamng'aa.

"Mama, hizi tumeziomba kwa wazee, kijiji kwa kijiji. Huenda yenu ipo hapa hapa, au kwa mkulima mmoja Oldonyo Sambu anayetunza za zamani. Niambie tu, yalikuwa na rangi gani?"

Nikafungua kinywa. Niliyaona makande, niliuona moshi, niliuona mkono wa bibi. Punje yenyewe sikuiona. Nikampigia kaka simu.

"Mekundu," alisema bila kusita.

Nikampigia mdogo wetu, nikamwambia kaka kasema mekundu.

"Mekundu wapi! Yalikuwa na madoadoa, dada, naapa."

Mwalimu alinisubiri, mkono wake juu ya rafu. Nikazitazama chupa zile moja baada ya nyingine. Yoyote ingeweza kuwa ya bibi. Nikalia pale pale mbele ya kikundi, kwa sababu maharage yale ndiyo yaliyotulea sisi watatu, na hakuna hata mmoja wetu anayeyajua kwa sura.