Mayai Yaliyogeuzwa Langas

Kituyi hatulii. Hata chai huinywa akiwa amesimama, jicho likiwa mlangoni. Mkewe husema ni nyoka waliomfanya hivyo, lakini mimi niliyepakia mahindi pamoja naye kule Moi's Bridge namkumbuka hivyohivyo kabla ya nyoka.

Sasa anatunza nyoka wa miti kwenye ua wa Hamza, muuza vipuri mwenye kibali cha kuwafuga na kuwazalisha, nje kidogo ya Eldoret. Dume ni kijani kama jani la mahindi machanga, kila gamba limezungushiwa weusi. Jike ni kahawia. Mwaka jana jike alitaga, mayai yote yakafa kwa baridi. Alipotaga tena, Hamza alisema wazi kwamba haya nayo yakiharibika, nyoka watapelekwa kwingine na vizimba vitavunjwa. Kituyi angerudi kwenye magunia, na mgongo wake hauwezi tena magunia.

Aliyalaza mayai kwenye boksi la vumbi la mbao lenye unyevu, akaliingiza kwenye mashine ya joto. Juu ya kila yai alichora msalaba kwa penseli, ili upande huo ubaki juu siku zote. Yai la nyoka halitakiwi kugeuzwa. Likigeuzwa, kilichomo ndani kinaweza kufa.

Kisha transfoma ikaungua, umeme ukapotea, Hamza akiwa Garissa. Kituyi aliona baridi itamaliza mayai kabla fundi hajafika. Akabeba boksi hadi kwake mtaani Langas, ambako mkewe Tryphosa huangua vifaranga kwa sanduku linalopashwa joto na taa ya mafuta. Tryphosa aliogopa, akakubali kwa sharti kwamba hakuna nyoka atakayetoka kwenye ganda ndani ya nyumba yake. Kituyi alimwonyesha jinsi ya kushusha utambi, maana mayai haya hayataki joto la kuku, akarudi mbio kwa nyoka wakubwa.

Umeme uliporudi alienda kuyachukua. Akafunua sanduku. Misalaba haikuonekana. Juu ya kila yai palikuwa na duara.

"Mama Linah, nani amechora hizi?"

"Si ni mimi? Nilikuta umeweka alama upande mmoja, nikamalizia wa pili. Nimegeuza asubuhi na jioni, Baba Linah, hata siku ya kanisa."

Kila anayeangua kuku hufanya hivyo, msalaba huku, duara kule, asisahau yai gani limegeuzwa. Kituyi alimweleza kwa sauti ya chini. Tryphosa aliketi juu ya ndoo, akajifunika uso kwa leso.

Ayarudishe yalivyokuwa, au ayaache? Mara mbili alinyoosha mkono, mara mbili akaurudisha. Mwishowe aliona kuyageuza tena ni kuyaumiza tena. Akayabeba vilevile hadi kwa Hamza, akayamulika kwa tochi. Mengine yalikuwa na mishipa myekundu. Mengine yalikuwa maji ya manjano tu.

Tangu hapo hakupata raha. Alikuwa akifagia, anaacha ufagio, anaenda kuchungulia. Anarudi kufagia, anaenda tena. Yai moja likaota ukungu, la pili likabonyea. Kila Kituyi alipoingia nyumbani, Tryphosa alimtazama usoni kwanza.

Hamza aliporudi aliyaona yaliyooza, akauliza kulikoni.

"Ni makosa yangu, bosi. Yaligeuzwa." Mkewe hakumtaja.

Hamza alitoka nje, akampigia simu mwenye lori aje Jumamosi kubeba nyoka.

Ijumaa asubuhi yai moja lilikuwa limechanika kama lililokatwa kwa wembe. Kichwa kidogo kilikuwa nje, na macho makubwa ya kijani yasiyopepesa. Kando yake, ganda jingine lilikuwa linasukumwa kutoka ndani. Kituyi alimwita Hamza, miguu yake ikikataa kusimama mahali pamoja.

Hamza aliinama. "Mbona huyu ni kijivu kama panya? Mimi nangoja kijani."

"Rangi huja wakikua, bosi. Itachukua muda."

"Muda gani?"

"Mrefu."

Hamza aliendelea kutazama mpaka mdogo yule akatoa ulimi.

"Mpigie mwenye lori," alisema. "Mwambie asije."

Kituyi alipiga simu huku anatembea. Kabla simu haijapokelewa alikuwa ameshafika kwenye ua wa michongoma, anapekua matawi kutafuta vinyonga wadogo, kwa sababu hao waliototolewa wangetaka kula na hakuwa na uhakika kwamba wangekubali.