Mume Wangu Alikuwa Mgeni Wangu wa Jumapili

Admin, naomba ufiche jina langu, lakini makali ya maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, na niko London tangu miaka ya tisini. Ni nesi katika wodi ya wazee. Nina mume wa ndoa, wa pete na wa mahari, na binti mmoja. Sasa sikilizeni: mimi na mume wangu tumeishi nyumba mbili tofauti kwa miaka saba, na hatujawahi kuachana.

Zamani tulipanga chumba kimoja Walthamstow, mtaa wa hapa London, sisi watatu, jiko tukilitumia pamoja na familia nyingine mbili. Binti yetu, nimwite Zawadi, alifanyia kazi za shule kitandani. Kila nikisema tununue nyumba, mume wangu alijibu, "Mama Zawadi, sisi hapa ni wapita njia. Nyumba hujengwa nyumbani." Masanduku yalikaa juu ya kabati yakiwa yamefungwa, tukingoja mwaka wa kurudi ambao haukufika. Nikachoka. Niliomba mkopo wa benki kwa jina langu peke yangu, maana yeye alikataa kutia sahihi, nikanunua nyumba ndogo Thamesmead, pembezoni mwa London kando ya mto Thames.

Wenzetu walicheka mno. Treni ya chini ya ardhi haifiki huku, maduka ni ya kutafuta, saruji kila upande, na upepo wa mto unakupiga mpaka masikio yanauma. Kanisani wakapaita Chalbi, kama lile jangwa la kaskazini mwa Kenya. "Mama Zawadi, huko Chalbi mnapata maji kweli?" Nikawaambia maji yapo, tena ya moto, na chooni sipangi foleni na mtu.

Kicheko chao sikukijali. Aliyeniumiza ni mume wangu. Kwetu mwanamume ndiye anayechimbia nguzo ya kwanza ya nyumba, ndipo mke aingie. Akilala katika nyumba iliyosimamishwa na mkewe, watu husema amekaliwa na mke. Mimi nilidhani hayo tuliyaacha uwanja wa ndege. Siku ya kupewa funguo alitubebea mizigo mpaka mlangoni, akaiweka chini, akasema, "Mimi silali hapa. Nitakuwa nakuja kuwaona." Nilicheka nikidhani ni mzaha. Akageuka, akaenda kungoja basi.

Nilimbembeleza, jamani. Ua wa bustani ulikuwa umeoza, nikamwambia, "Baba Zawadi, njoo basi uchimbie hata nguzo ya ua, tuihesabu ndiyo ya kwanza, yaishe." Akasema ninachezea mila. Basi nikanunua nguzo na sepeto, mimi na Zawadi tukachimba wenyewe mpaka mikono ikatoka malengelenge. Yeye kwa miaka saba amekuja kila Jumapili baada ya ibada, anaketi jikoni, anakula ugali na kuku, anauliza habari za shule, halafu anarudi Walthamstow. Zawadi akiwa na miaka tisa aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kama baba ni wa kwetu au ni mgeni. Niliingia bafuni nikafungulia bomba ili asinisikie nikilia.

Sasa mwenye nyumba wa kule Walthamstow anauza, na mume wangu lazima atoke mwisho wa mwezi huu. Jumamosi iliyopita alikuja na wazee watatu wa kanisa. Walikula chapati zangu wakazimaliza, ndipo msemaji wao akafuta midomo.

"Mama Zawadi, mwenzako yuko tayari kuhamia kwako. Ila mwandikishe kwenye hati ya nyumba, jina lake litangulie lako. Hiyo ndiyo itakuwa nguzo yake. Si unajua vile watu wetu huongea?"

"Hao watu wetu walikuwa wapi nikichimba ule ua?"

"Usiwe na kiburi, mama. Ni jina tu."

"Kama ni jina tu, mbona mmekuja watatu?"

Mume wangu alikuwa anaangalia meza. Nikamgeukia. "Baba Zawadi, unanitaka mimi au unataka nyumba?"

"Nataka heshima yangu," akasema.

Hakusema amewahi kunikumbuka hata siku moja. Hakumtaja hata Zawadi, aliyekuwa amesimama pale pale na birika la chai. Hapo nikawaka. Nikafungua mlango wa nyuma. Upepo wa majuzi uliangusha nguzo moja ya ua, na shimo lake bado liko wazi. Nikawaambia, "Mila yenu hiyo hapo. Nguzo imelala, sepeto liko nyuma ya mlango. Akiichimbia sasa hivi mbele yenu, leo leo alale humu. Lakini hati yangu haiguswi." Wazee wakatazama viatu vyao vya kanisani. Mume wangu akachukua koti lake.

Ndugu wasomaji, juu ya hati msinishauri, hilo nimelifunga. Bado nampenda, nalisema bila aibu, na inaniuma kumwona mtu mzima wa miaka hamsini na tano akitafuta chumba na masanduku mkononi. Ninachowauliza ni hiki: akija Jumapili hii kula kama kawaida yake, akalipita lile sepeto kama halioni, nifanye nini? Nimpakulie kama mgeni, au nimwambie jiko limefungwa? Nishaurini mapema, kwa sababu sitangoja sana. Jumatatu siendi kazini. Akiwa hajaichimbia ile nguzo, nitaichimbia mwenyewe.