Mama Ilikufanyaje na Tone la Mwisho

Saa mbili asubuhi, mlango wa chumba cha maandalizi ya upasuaji unasukumwa kwa kishindo. Anaingia mwanamume asiyejulikana na wahudumu, viatu vimejaa tope, anahema.

"Jamani, mama yangu msimchome penisilini!"

Muuguzi anasita, sindano mkononi. Zamu yake ya usiku imekwisha. Huyu ndiye mgonjwa wake wa mwisho. Kitandani, bibi anayesubiri kuwekwa chuma kwenye nyonga anageukia ukuta.

"Mama, jana si nilikuuliza?" muuguzi anamwambia.

"Nikakwambia sina mzio, mwanangu. Ningesema kweli, mngenirudisha nyumbani na mfupa wangu uliovunjika."

Wenzake wamembandika muuguzi huyu jina la Mama Ilikufanyaje, maana haliachi neno mzio lipite hivi hivi.

"Haya. Ilikufanyaje?"

"Ngozi yote ilibabuka. Midomo, mpaka macho. Nilichunika kama kiazi kilichochemshwa."

Mwanamume anaombwa asubiri nje, na daktari wa usingizi anaitwa. Wanakubaliana: penisilini na dawa zote za ukoo wake kando. Itatumika dawa nyingine ya kuzuia kidonda kisioze, ila hiyo haitaki pupa. Hutiririshwa polepole, zaidi ya saa nzima, kabla kisu hakijagusa ngozi.

"Wengine walipewa penisilini utotoni wakatapika tu," anasema muuguzi akitundika chupa. "Huo si mzio. Lakini ukishabandikwa jina la mzio, umebandikwa. Unanyimwa dawa iliyo bora."

Anayajua hayo kwa uchungu. Kaka yake alikuwa mmojawapo. Alipovunjika mguu alipewa dawa mbadala, kidonda kikaoza, mguu ukakatwa.

"Hakuna aliyemuuliza kaka yangu ilimfanyaje. Siku hizi hata nje hatoki. Nikienda kumwona, hunigeuzia mgongo."

Ndoto yake ni ndogo: swali hilo liulizwe siku ya kwanza kabisa, kliniki, na mgonjwa aambiwe kwamba ukweli hautamnyima kitanda.

"Utaniacha peke yangu na hili lichupa?" bibi anauliza.

"Nitakaa nawe mpaka tone la mwisho."

Simu inatetemeka mfukoni. Ni bintiye, yuko shuleni kwenye kikao cha wazazi: "Mama, wenzangu wote wazazi wao wameshafika."

Muuguzi anausoma ujumbe mara mbili. Anairudisha simu mfukoni, kisha anavuta kigoda.

Chupa inapokauka, kikao kimekwisha zamani. Mkono wa bibi bado umo mkononi mwake.